Mbuzi wa Shukrani Amegeuzwa Sapiwi

Jamani, leo ramani imeniumbua mbele ya mbuzi!

Udiwani nilishindwa kidogo tu, mnajua. Leo nikapeleka mbuzi kijijini kwetu Sapiwi kuwashukuru kwa kura. Kwa mbwembwe nikafungua ramani ya matokeo kwenye simu, ile ukigusa kijiji inatoa rangi ya aliyeongoza.

Nikagusa kwetu.
Rangi ya mpinzani, imekolea!
Wajomba wakaanza kukagua viatu vyao.

Nikagusa ukweni.
Rangi yangu tupu!

Mbuzi nikamgeuza hapohapo. Ukweni mke wangu akamwingiza ndani, mimi nikabaki nje nimeinama. Msukuma hamkodolei macho mama mkwe.

Mama mkwe akacheka kutoka jikoni: "Ungejuaje nani anakupenda, baba, wakati ukija hapa unaangalia chini tu!"

Supu imeiva. Wajomba mlioninyima kura, njooni, ila mje na ugali wenu.