Notisi ya Mpangaji wa Mama

Mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa na miezi mitatu hajalipa kodi, lakini nisijitakase, si kodi iliyonipandisha mori. Ni kumkuta anamkanda mama yangu miguu.

Nilikuwa nimetoka Kilifi na mfuko wangu wa mikate ya mabofulo, kama kila mwisho wa mwezi. Pale barazani Malindi mama ameegemea mto, na yule mpangaji, mwanamke fundi cherehani wa kutoka bara, ameshika chupa ya mafuta ya nazi, wanacheka hadi machozi. Nikatoa shikamoo. Mama akaitika marahaba, akaendelea na kisa chake, kisa nisichowahi kukisikia mimi, bintiye wa pekee. Wallahi niliona wivu. Mie hajaniruhusu hata siku moja kumgusa miguu.

Sikuweka hata mfuko chini. Nikaenda duka la kuchapa, nikaandikisha notisi: alipe, au baada ya mwezi mmoja ahame. Nyumba ni ya mama, kwa hivyo karatasi ilitaka dole gumba lake, na mtaani kwetu notisi haitolewi bila mzee wa mtaa kushuhudia. Nikamwita mzee wa mtaa, nikaweka kidau cha wino mbele ya mama, nikamsomea neno kwa neno kwa sauti ya juu ili yule mwanamke asikie. Alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni.

Mama hakunyoosha kidole. Alisema kodi ameisamehe yeye mwenyewe, kwa kuwa mwenziwe amefunga cherehani siku chungu nzima akimpeleka hospitali. Hospitali? Mimi sikuambiwa lolote.

"Ungeniuliza ningekwambia," mama akasema. "Wewe huja na mabofulo, ukaenda zako. Akihama huyu, niandike na mimi humo, tutahama sote."

Mzee wa mtaa akaikunja karatasi, akanirudishia. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo yule mwanamke akaja, akanitia ile chupa mkononi.

"Dada, wa kushoto mkande polepole," akaniambia. "Ndio unaomuuma."

Nikapiga magoti, nikaanza kukanda. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa kuujua mguu wenyewe.