Udongo Uliokauka Mikononi Mwangu

Kosa lenyewe lilikuwa la uvivu, na uvivu wangu naujua. Tulichimba shimo refu uani kwa mama mmoja wa Kilimanjaro, muuza vitenge wa jumla hapa Kariakoo, aliyetaka kuongeza ghorofa tatu juu ya duka lake. Kazi yangu ilikuwa kuufikisha udongo maabara ndani ya bomba la chuma, limezibwa nta huku na huku ili unyevu usitoke. Mashine ya kule huutikisa udongo kidogo kidogo, ikaonyesha ni mgumu kiasi gani, na hapo mhandisi hujua nyumba itastahimili vipi tetemeko.

Mikokoteni ikaniziba njia. Badala ya kukaa na mzigo wangu, nikaliacha bomba juani nyuma ya pikapu, nikaenda kula wali maharage na kubishana mpira mpaka saa tisa. Kurudi, nta imeyeyuka. Nikapaka nyingine, nikanyamaza.

Maabara udongo ule ulitoa namba nzuri ajabu. Ulitoka shimoni ukibonyea kwa kidole, mimi mwenyewe niliubonyeza. Sasa ulikuwa mgumu kwa sababu ulikauka, basi. Nilipaswa kuomba tuchimbe upya. Bosi alikuwa ameshafurahi, nami nikasaini ripoti ya vipimo.

Ghorofa zikajengwa. Familia nzima ikahamia juu.

Kisha mchana mmoja ardhi ikatikisika kidogo, watu wakajaa barabarani. Kesho yake nikapita dukani, roho haijatulia. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba huku akicheka. Majirani walitimua mbio, wengine peku, akasema, lakini yeye aliwazuia wajukuu zake mlangoni wasitoke.

"Niliwaambia watulie ndani. Udongo wetu umepimwa na mwanangu huyu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamweleza yote, jua, nta, wali wangu, saini yangu, na kwamba nikitoka pale naenda kumwambia mhandisi.

"Mama, namba ile si ya kweli. Nyumba hii sijui kama itasimama."

Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Alikunja kitenge alichokuwa akikipima, akaenda chini ya ngazi, akaanza kuwaita wajukuu washuke, mmoja mmoja kwa jina lake.