Nilikonda Bukoba miaka ya UKIMWI, kumbe ni thyroid. Dozi nayo ikataka kuniua

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara kadhaa. Leo nauacha. Yote yamenipata mimi, si jirani wala rafiki wa rafiki, na sehemu ambayo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ijuganyondo hapa Bukoba. Nazungumzia ile miaka baada ya vita vya Amin, ugonjwa umeshaingia na kila ukoo una msiba. Kabla hatujajua jina UKIMWI tuliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda. Shuleni kwetu Kahororo, darasa langu lilikuwa na yatima wengi kuliko wenye wazazi.

Kwa hiyo ukikonda, basi. Hakuna aliyekuuliza unaumwa nini.

Na mimi nikaanza kukonda.

Nilikuwa na mume na binti mmoja mdogo, Kemi. Mume wangu, Baba Kemi, alifanya biashara ya samaki. Anapanda boti kwenda Goziba, kile kisiwa cha wavuvi cha Muleba, anakaa huko, anarudi na mzigo. Sifa za maisha ya visiwani wakati ule mnazijua, pombe na wanawake. Watu wakajumlisha wenyewe.

Kitu cha ajabu, nilikuwa nakula kuliko wanaume. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, sufuria nzima namaliza, na bado sketi zinanivuka. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Jasho, kuhara, macho yametoka nje. Mikono inatetemeka mpaka maandishi yangu ubaoni watoto wakawa hawayasomi.

Nikaenda kupima HIV. Majibu: negative. Ila mshauri wa pale akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu nirudie, basi. Leo hii kila mtu anajua window period, kwamba maambukizi mapya huwa hayaonekani mapema. Wakati ule nani alijua?

Nilimweleza Baba Kemi vilevile nilivyoambiwa.

"Mzima haambiwi arudi," akasema. "Wamekuficha, Mama Kemi."

Wiki hiyohiyo akapanda boti kwenda Goziba. Mzigo haukurudi, na yeye hakurudi.

Nilipozidiwa nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua Kemi, tukaenda kwa wazazi wangu Muleba. Wakulima, Wakatoliki wa rozari kila jioni. Mama alinipokea vizuri mno, vizuri kupita kawaida, mpaka nikaogopa.

Asubuhi moja nikazunguka nyuma ya nyumba. Kwetu Wahaya tunazikana kibanjani, katikati ya migomba. Pembeni ya kaburi la babu nikakuta mibuni imeng'olewa, udongo umesawazishwa, pamefagiliwa. Nikamuuliza Mama pale pana nini. Akaziba mdomo kwa kanga.

Baba ndiye aliyekuja kunijibu. Alisimama mbali kidogo, akashika kofia yake. "Nilitaka ulale karibu na nyumba, mwanangu."

Wakuu, sikulia. Nilisimama pale natazama nafasi yangu mwenyewe, moyo unapiga kama ngoma, na la kushangaza, nilikuwa na njaa.

Kuhara kulipozidi, Mama akanipeleka hospitali ya misheni. Kulikuwa na Sista mmoja daktari, Mhaya mwenzetu. Hakuniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Alinipa kikombe cha maji, akasema ninywe huku anaangalia shingo yangu. Akasema ninywe tena. Akanishika koo kwa vidole.

"Hii ni tezi," akasema. "Inafanya kazi kupita kiasi. Inakula mwili wako."

Mama alikaa chini sakafuni. Mimi nilishindwa hata kufurahi. Nilikuwa nimeshajizoeza kufa, na sasa mtu ananiambia ni shingo.

Sista alichukua damu, ikapelekwa Dar. Majibu yalichelewa sana lakini yalithibitisha ni hiyo tezi, thyroid, hormone ziko juu mno. Akanianzishia vidonge vya kuituliza. Nilipopata nguvu kidogo nikarudi kazini Bukoba, akanielekeza kwa daktari wa hospitali moja ya mjini aendelee na mimi.

Huyu daktari hakuwa mtu mbaya, naomba ieleweke. Wodi yake ilikuwa na wagonjwa wawili kila kitanda, na wengi wao hawakutoka wazima. Mimi nilikuwa na wiki mbili tu kwenye vidonge alipochukua damu nyingine kuipeleka Dar. Majibu hayakurudi upesi.

Huku nyuma nikanenepa. Mwanzoni nikashangilia. Kisha nikapitiliza. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume, nywele zinabaki kwenye kitana. Navaa sweta jua la mchana. Nikikaa ofisini nasinzia, na nikitembea ni kama nimebeba mtu mgongoni. Wale waliosema nakonda kwa ugonjwa sasa wakasema navimba, ndiyo hatua ya mwisho.

Miezi ikapita ndipo majibu yakafika. Daktari akayasoma, akasema hormone bado ziko juu, tunaongeza dozi.

Nikamwambia, "Daktari, hiyo damu mlinitoa kabla ya Pasaka."

Akasema ndicho kipimo alicho nacho.

"Huyo aliyetolewa damu alikuwa anatetemeka," nikasema. "Niangalie mimi niliyekaa hapa."

Alikasirika. Alisema nikicheza na dawa nitarudi kulekule na moyo utasimama. Na kwa hilo alikuwa sahihi, sibishi. Lakini aliandika dozi kubwa zaidi bila kunigusa.

Sikuacha dawa. Sikuongeza pia. Kesho yake nikapanda basi la Muleba.

Sista alinigonga kisigino kwa ile nyundo ndogo ya mpira. Mguu ulitikisika, halafu ukarudi polepole, kama unafikiria kwanza. Akauliza vidonge nilianza lini, na damu ilichukuliwa lini. Nilipomjibu akavua miwani.

Akaenda kwenye radio call, akamtafuta daktari wa mjini. Nilikuwa mlangoni, nasikia. Walibishana. Yeye anasema karatasi, Sista anasema mgonjwa. Sista akaeleza kwamba damu ya wiki mbili haiwezi kupima dozi, mwili unahitaji kama wiki sita kutulia, na kwa mgonjwa huyu karatasi imefika imeshachina. Mwisho nikasikia sauti ya kule ikisema, "Sawa, Sista. Tupunguze, tusubiri."

Damu ya siku ile nayo ilitumwa Dar. Iliporudi, hormone zilikuwa chini kabisa. Sista akaniambia bila kupamba kwamba ningemeza ile dozi mpya, huenda ningelala siku moja nisiamke. Yule daktari wa mjini baadaye aliniambia samahani, na akaendelea kunitibu miaka mingi. Nilimpenda kwa hilo.

Kipimo cha HIV nilirudia kama nilivyoelekezwa. Negative. Nikarudia tena. Negative.

Sasa hili la mwisho ndilo lililonifanya nifute huu uzi kila mara.

Baba Kemi alirudi baada ya miaka kadhaa. Wavuvi walimshusha kwenye boti wakamleta nyumbani wamemshikilia. Alikuwa mifupa. Mimi nilikuwa nimerudia mwili wangu, nimevaa gauni la kanisani, nimesimama mlangoni.

Alinitazama sana. "Wewe si ulikuwa unakufa?"

Nikamweleza kuhusu shingo. Akaniuliza kipimo cha pili kilisemaje, nikamwambia. Akageukia ukutani.

"Mimi nilijua nimeshakufa," akasema. "Kule Goziba sikujilinda na kitu. Nilijua tayari ninao."

Alipimwa, akakutwa nao. Aliupata kule, baada ya kutukimbia. ARV hazikuwepo. Nilimuuguza mimi mwenyewe, na nikamzika.

Mpaka leo neno "rudi" linanishtua. Lilisemwa kwa nia njema na lilikuwa sahihi kitaalamu, lakini hakuna aliyetueleza kwa nini.

Baadaye nilifanyiwa operation Mwanza, tezi ikaondolewa, sasa nameza kidonge cha kuziba pengo lake kila asubuhi. Siku ya kipimo naenda mapema kabla sijakimeza. Dozi ikibadilishwa nasubiri wiki zake ndipo nitoe damu. Na daktari akishika majibu, kitu cha kwanza ninachouliza ni tarehe ya damu.

Bishaneni na madaktari, ila mkiwa mmekaa mbele yao. Msibishane nao kimyakimya nyumbani kwa kutupa dawa. Ukiona hakusikii, tafuta wa pili. Na ukiambiwa urudi kupima, usitoke mlangoni kabla hujauliza maana yake, halafu uende ukamweleze na anayekusubiri nyumbani.

Mwenye thyroid, au mwenye mgonjwa, aseme hapa yalimkutaje. Madaktari mliomo humu nikosoeni nilipokosea, sitanuna. Na kama kuna mtu ameambiwa "rudi upime tena" na mpaka leo hajarudi, huyo ndiye hasa ninayetaka kumsoma.