Harufu Mbele ya Wageni

Katika miaka ya tisini, mama alirudi nyumbani Kakamega baada ya kupasuliwa utumbo, choo chake kikitokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Aliubadilisha mwenyewe bila kulalamika, nami nilimvulia kofia.

Jumamosi moja nilifika nikakuta akina mama wa kanisa wamekuja kumjulia hali. Mara nikasikia harufu. Nikadhani mfuko umevuja. Ili kumsitiri nikasema, "Samahani, mama anataka kupumzika."

Wageni wakaanza kuinuka.

"Kaeni tu," mama akasema kwa utulivu. "Mfuko wangu nimebadilisha sasa hivi. Wewe mwanangu, hebu inua hicho kiatu."

Nikakiinua mbele ya wote. Soli ilikuwa imejaa mavi ya ng'ombe wa soko la Lubao, nilikopitia nikija.