Mashimo Manne ya Garrett Koskela

Garrett Koskela alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa jana wala juzi. Ulimwanza Januari, asubuhi ile lori la magogo lilipoteleza kwenye theluji na kumgonga Evan Saari, aliyekuwa amesimama kando ya barabara akisubiri basi la shule. Bado kulikuwa giza, na mtoto hakuwa na hata ukuta wa kusimama nyuma yake. Garrett na Evan waliingia skauti siku moja, wakiwa na miaka saba, na tangu hapo mji mzima uliwataja kwa pamoja, utadhani majina yao yalikuwa jina moja.

Sasa ilikuwa Oktoba, na Garrett alikuwa anajenga kibanda cha kusubiria basi mahali pale pale. Kazi hiyo ingempa Tai, cheo cha juu kabisa cha skauti, na isitoshe ingekuwa kumbukumbu ya rafiki yake. Watu walimsifu mpaka wakamchosha. Alisifiwa kanisani, alisifiwa akinunua maziwa, mwalimu wa hesabu alimsifu katikati ya mtihani. Yeye alichotaka ni kulala tu.

Cheo cha Tai kina masharti. La kwanza, kazi iwe imekwisha kabla hujatimiza miaka kumi na minane, na Garrett angeitimiza Alhamisi. La pili ndilo lililomkera: anayetaka Tai hajengi. Anapanga, anaelekeza, wengine wanajenga.

"Wewe ni mdomo," Mzee Harju, kiongozi wa kikosi, alikuwa amemwambia. "Mikono ni ya wenzio. Nikikuona umeshika koleo peke yako, nakunyang'anya."

Garrett hakuitaka mikono ya wenzie. Hasa hakuitaka ya Brody, skauti mwenzao aliyekuwa akimwigiza Evan kigugumizi chake miaka yote, kisha kwenye mazishi akalia kuliko ndugu wa marehemu. Mtu kama huyo agonge msumari kwenye kibanda cha Evan? Thubutu!

Kwa hiyo wiki ile, kila jioni akitoka shule, Garrett alikwenda peke yake kuchimba mashimo manne ya nguzo. Kule kaskazini hata aliyejenga banda la kuku tu anajua kwamba shimo la nguzo ni futi nne. Majira ya baridi ardhi huganda na kuvimba, na nguzo isiyofika chini ya pale inapogandia husukumwa juu, ikatoka taratibu mwaka hadi mwaka, mpaka jengo likapinda. Garrett alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alipofika futi mbili alikutana na mawe. Akayapiga siku tatu, viganja vikachubuka, na siku ya nne akatupa mtaimbo, akafunika mashimo yote kwa mbao, akampigia Mzee Harju simu kumwambia yako tayari. Wapo watakaomtafutia visingizio. Mimi nasema alidanganya kwa sababu nguvu zilimwishia na hakuwa na mtu wa kumpokea, na mtu hakuwepo kwa sababu yeye mwenyewe hakumwita.

Jumamosi wakaja watu kumi na mmoja. Bi Lorna, mama yake Evan, naye akaja, amevaa glavu za kazi. Kumwona tu, wanawake wakamkimbilia na kiti, blanketi, na pasti, andazi la nyama na viazi, lililokuwa bado linatoa moshi.

"Kaa, Lorna. Kaa upumzike, mpenzi."

Akakaa. Alikuwa amezoea kukalishwa.

Brody na mwenzake wakateremsha nguzo ya kwanza shimoni. Brody akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"We Garrett, mbona imetokeza hivi? Tunajengea watoto au tunajengea twiga?"

Watu wakacheka. Garrett hakucheka.

"Nguzo zitakuwa zimekatwa ndefu," Brody akasema. "Si tatizo. Nileteeni msumeno, tunaipunguza juu, saa tisa tuko nyumbani."

Msumeno ukaletwa. Kumbe jambo lilikuwa jepesi hivyo! Alama ya penseli, dakika mbili za kukata, na Alhamisi Garrett angekuwa Tai. Kibanda kingesimama wima majira mawili ya baridi, pengine matatu. Kikianza kuinama, yeye angekuwa chuoni, mbali. Akafumbua kinywa kusema kateni. Halafu akawaza watoto wamesimama ndani ya kibanda kile asubuhi ya Januari, paa limewalemea upande mmoja, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Usikate," akasema. "Nguzo hazina kosa. Mashimo ni futi mbili."

Brody akashusha msumeno.

"Uliniambia yako tayari," akasema Mzee Harju.

"Nilidanganya. Kuna mawe. Nilichoka."

Alidhani mzee atafoka. Mzee akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena.

"Haya basi, mdomo. Sisi mikono tunangoja. Tunafanya nini?"

"Tunachimba upya. Yote manne."

"Leo hatumalizi," akasema Brody.

"Najua."

"Na Alhamisi je?"

"Najua, Brody. Chukua mtaimbo. Tafadhali."

Brody akauchukua. Hakumkejeli mtu tena siku ile, ingawa mawe aliyatukana kwelikweli.

Hapo Bi Lorna akainuka kitini. Blanketi likaanguka, mwanamke mmoja akakimbilia kuliokota, na Bi Lorna akampita kama hakumwona. Akasimama mbele ya Garrett.

"Na mimi?"

"Wewe pumzika tu, Bi Lor..."

"Miezi tisa napumzika!" Sauti ilimpasuka. "Wananiletea vyakula. Wananifulia, wananifagilia theluji mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyenituma kitu. Nimechoka kupumzika, Garrett. Nipe kazi."

Garrett alimtazama macho yale mekundu, akaona kwamba yeye na huyu mama walikuwa wamechoka uchovu mmoja, kila mtu kwa njia yake. Akamkabidhi koleo.

Saa nane shimo la kwanza likafika futi nne. Moja tu. Matatu yalibaki, kibanda chenyewe hakijaanza, na Jumapili ilikuwa nusu siku baada ya ibada. Cheo cha Tai kilikuwa mashakani, na kila mtu pale alijua. Nguzo ikateremshwa tena. Garrett akamwambia Bi Lorna aikumbatie ikae wima wakati Brody anamimina zege, wengine wakipigilia mbao za kuitegemeza.

Zege likajaa. Mbao zikakaza.

"Unaweza kuiachia sasa, Bi Lorna," akasema Garrett. "Imeshika."

Hakuiachia. Alikuwa amelaza shavu kwenye mti, macho ameyafumba. Brody, koleo mkononi, akamtazama Garrett kumuuliza waendelee au vipi.

"Najua imeshika," Bi Lorna akasema. "Ngoja kwanza."

Garrett akawaambia wote wangoje.