Nilipika Mimi, Akaposwa Mwengine

Admin, nifiche jina, lakini maneno yangu usiyapunguze hata moja. Nataka watu wayasome wakiwa wamekaa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mtalaka, nina binti mmoja, nakaa huku Likoni. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, na kukiwa na shughuli huitwa kupika. Sitaki kujisifu, ila biriani yangu mtu akiila huuliza imepikwa na nani. Swali hilo ndilo lililonitia donda.

Nina shoga yangu, nitamwita Rehema. Tumesoma naye madrasa moja, nimemlelea watoto wake, na mamake alipofariki nililala kwake mpaka arubaini ikaisha. Nyumba yao iko upande wa Shelly Beach, ina bustani mbele, ina mndimu na miasumini na mkungu wenye kivuli kizuri. Kila kaskazi ikipamba moto hukutana pale mashoga wanne, tunatandika mikeka, tunakula taratibu, tunapiga soga mpaka alasiri. Mimi hapo ndipo pahali pangu pa kupumua.

Mwaka huu Rehema akanipigia simu akicheka. "Shoga, Jumapili upike biriani yako ile. Na ujipambe, kuna mtu nataka akuone. Mwanamume wa Mishomoroni, anafanya kazi bandarini, atakuja na mamake." Nikamwambia aache mzaha. Akasema, "Wallahi si mzaha. Utakaa peke yako mpaka lini?"

Jamani, miaka sita niko peke yangu. Nilipaka hina. Nikajifukiza udi, nikavaa dira langu jipya. Alfajiri niko jikoni kwake, nimekaanga vitunguu, nimeroweka zafarani, nimepalia makaa juu ya kifuniko, moshi unanitoa machozi na mimi naimba. Mtu akijipikia bahati yake hachoki.

Wageni wakaja, mama mtu na mwanawe. Nikawapokea, "Shikamoo mama," nikawamiminia maji ya kunawa. Nilipotaka kuketi mkekani na wenzangu, Rehema akanishika mkono polepole. "Hebu tuletee achari kwanza, mpenzi." Nikaenda. Niliporudi, mahali pangu pameketi mdogo wake Rehema, Zuhura, msichana wa miaka ishirini na tatu, kajifunika mtandio mpya.

Yule mama akaonja tonge la kwanza, akafumba macho. "Mashallah! Nani kapika?"

Rehema, bila hata kupepesa, akasema, "Si Zuhura huyu! Tangu alfajiri hajatoka jikoni." Mama akamgeukia msichana, "Ni wewe, mwanangu?" Zuhura akainama, "Naam, mama."

Mimi nimesimama na bakuli la achari. Mama akaniangalia akauliza, "Na huyu je?" Rehema akajibu, "Huyu jirani yetu, hutusaidia kuosha vyombo."

Kuosha vyombo! Na wale mashoga zangu wawili, tuliofinywa masikio na ustadhi mmoja, wakazamisha macho kwenye sahani, wakaendelea kula nyama yangu. Yule mwanamume hata uso hakuinua. Niliweka bakuli chini, nikaenda nyuma nikaosha vyombo kweli, maana sikutaka kutoka nje mbele ya watu na aibu ile. Hina yote ikaingia masizi.

Baadaye nilimuuliza, mbona umenifanyia hivi? Akanijibu, "Shoga, wewe ushaolewa ukaonja. Mwachie mtoto na yeye apate. Na ningekwambia ukweli, ungepika vile?" Aliona amenena la maana.

Haukupita muda, nikaletewa sahani ya halua mlangoni. Zuhura kaposwa. Ile halua nilimwagia kuku wa jirani.

Sasa sikieni. Juzi Rehema kaja kwangu mwenyewe, mpole kama maji ya mtungi. Mama mkwe anataka kuja kula chakula cha mkono wa Zuhura kabla ya kupanga siku ya nikahi, na anakuja na dada zake watatu. "Nisitiri shoga yangu. Njoo upike. Ila upitie mlango wa nyuma, wasikuone. Na uje na sufuria lako."

Nikacheka, nikamwambia, "Sisi si ndugu? Nitakuja." Akanibusu, akaniachia nyama. Hakujua nimecheka nini.

Wengine mtasema nijaze chumvi. La, chakula ni neema, sikichezei. Nimewaza nizime simu, nibebe nyama yake na sufuria langu nivuke feri niende kwa dada yangu Kisauni, niwaache wageni wanakodolea macho jiko baridi. Halafu nimewaza lililo tamu zaidi: niipike biriani ambayo sijapata kuipika tangu kuzaliwa, nivae dira langu lile lile, niingie nayo kwa mlango wa mbele, niiweke chini ya mkungu, nimwambie yule mama, "Karibu. Aliyepika ni mimi. Sasa mwambie mkweo akupalie makaa umwone."

Kinachonikwaza ni kimoja. Usiku wa jana Zuhura kanitumia ujumbe: "Dada, hata moto wa makaa sijui kuuwasha. Yeye nampenda kweli. Usiniache." Huyu nimemfunga nepi mimi. Lakini ndiye huyu huyu aliyesema "Naam, mama," nami nimesimama mbele yake.

Wageni wanakuja kesho. Nyama ishalala kwenye mtindi, iko ndani ya friji yangu. Dira nimelipiga pasi.

Nishaurini, nifanye nini? Na wewe unayetaka kuandika "samehe, mwachie Mungu," nijibu hili kwanza: ungebeba sufuria lako kichwani, ukapita mlango wa nyuma?