Mkeka uliomfikisha Kemigisha kwa baba yake

KAISHO, 1954 – Umande haujakauka kwenye migomba, lakini Kemigisha ameshaketi kizingitini, miguu kainyoosha, anasuka ukindu. Vidole vinakwenda vyenyewe. Macho yake yako ng'ambo ya njia, kwa jirani yake Stephania, ambako wageni wa harusi wamejaa tangu jana na mzee mmoja anataja kwa sauti majina ya mababu wa ukoo.

"Unamsikia?" anamwuliza mwandishi. "Wamefika babu wa saba. Mimi hata baba sikuwa naye."

Mama huyu wa miaka kama thelathini na minane hafichi kwamba alimwonea Stephania wivu kwa miaka mingi. Si wivu wa kahawa wala wa ng'ombe. Ni wa majina.

"Kila sherehe nilikuwa naondoka kabla hawajaanza kutaja. Nasema kichwa kinaniuma. Kumbe ni moyo."

Kemigisha aliletwa Kaisho akiwa mtoto wa mgongoni. Mama yake hakusema wametoka wapi. Mtoto alipouliza, mama aliinua jembe: "Baba yako ni hili. Ndilo linalokulisha." Mama alifariki bila kuongeza neno.

Kemigisha akarithi kazi ya mama: kusuka mikeka na kuitembeza minadani kwa miguu. Mkeka mkubwa humchukua wiki nzima, na siku hizi watu wengi wanapendelea mablanketi ya dukani. Hata hivyo aliolewa, akazaa, na mume alipofariki akaendelea kulea kwa ukindu huo huo.

Mwaka jana mwanawe, Yustus, alipeleka posa Mabira. Wazee wa binti walipokea pombe, wakauliza ukoo wa baba yake, wakajibiwa. Kisha wakauliza: "Na mama yako ni mtoto wa nani?"

Yustus akasema hajui.

"Hatuwezi kukupa binti," walisema. "Huenda damu ya mama yako ndiyo yetu. Nendeni mkatafute."

Siku ile Kemigisha alilia, kisha akasimama. Alikwenda misheni, padre akafungua kitabu cha ubatizo. Mahali pa jina la baba palikuwa peupe. Akabaki na kitu kimoja: mwiko. Mama yake hakumruhusu kamwe kula nyama ya pongo, yule swala wa msituni, na mtoto hufuata mwiko wa baba. Basi kila mnada aliwauliza wazee nani asiyekula pongo. Koo zikawa nyingi mno.

Mwisho alikuwa mnadani Kihanga, safari ya siku mbili, bibi mmoja aitwaye Anatolia alipoukunjua mkeka wake, akaupitisha mkono ukingoni.

"Nani kakufundisha kumalizia hivi, kwa fundo la kurudi nyuma?"

"Mama yangu, bibi."

"Basi na yeye alifundishwa na mama mkwe wake. Fundo hili hufundishwa wake walioolewa katika mji mmoja tu hapa kwetu, wa familia moja. Hao hawali pongo. Twende."

Katika mji huo alitoka mwanamume mrefu, Novatus. Anatolia alipoeleza, Novatus alimtazama mgeni usoni, akainama.

"Shikamoo, dada."

"Niliitikia marahaba huku nikigusa uso wangu," anasema Kemigisha. "Alikuwa na paji la uso langu."

Ndipo alipoelezwa. Baba yao alioa mke wa pili, mama yake Novatus. Mke mkubwa hakuvumilia; akambeba mtoto wake akaondoka bila kuaga. Baba alikuwa amefariki misimu mitatu ya kahawa kabla ya Kemigisha kufika.

Novatus alimwonyesha kaburi migombani, akamtajia mababu mmoja mmoja. Ukoo haukuwa wa watu wa Mabira. Njia ya Yustus ilikuwa imefunguka.

Lakini Kemigisha hakufurahi.

"Nilimchukia palepale. Alikuwa ananisimulia alivyobebwa mabegani na baba, baba alivyokuwa akicheka. Nikamwambia, 'Wewe umekula sehemu yangu yote.'"

Mwandishi alimkuta Novatus hapa Kaisho, amekuja kuzungumza mahari ya mpwawe. Anajibu polepole.

"Nilimwambia ukweli, nikasema: Dada, mimi ndiye niliyekuonea wivu tangu utotoni. Tukivuna, baba anatenga fungu: 'Hili la binti yangu.' Nikimletea maji, anaangalia njiani. Nilikuwepo kila siku, na hakuacha kukutafuta wewe."

Kemigisha anasitisha kusuka. Ng'ambo, vigelegele vinapanda. Leo hajasingizia kichwa.

"Sisemi wivu umekwisha," anasema. "Akisema 'baba', bado kitu kinanichoma hapa."

Harusi ya Yustus ni mwezi wa sita. Kwa desturi wanaume ndio wanaotaja mababu, na Novatus amekubali kusimama upande wa mama wa bwana harusi, lakini Kemigisha ameomba ataje yeye jina la kwanza, la baba, kisha kaka yake aendelee.

Baada ya harusi atakwenda Kihanga msimu wote wa kuchuma kahawa.

"Nitamwambia anisimulie baba kila jioni, tangu mwanzo, asiache kitu. Yataniuma. Lakini na mimi nataka kumfahamu mtu aliyekuwa akiangalia njia."